Nchi Moja na Vyumba Vingi vya Elimu

Wako watu waaminio kwamba elimu ni nyumba yenye vyumba vingi, na kwamba heshima ya mwanachuoni ni kuingia chumba kimoja, kufunga mlango, na kumeza ufunguo. Ajuaye miamba asiulizwe habari za lugha. Ajuaye wanyama asiulizwe habari za watu. Mwanafunzi naye hulelewa vivyo hivyo. Kengele ikilia hufunga Jiografia na kufungua Historia, wala haimpitikii kuwa vitabu viwili hivyo vyaweza kuwa vinasema juu ya nchi ile ile. Mimi naipinga desturi hii, na shahidi wangu ni nchi ya Omani, ambayo wazee wa pwani yetu waliiita Manga, jina tulilo nalo jikoni hata leo katika pilipili manga.

Tazama falaji. Huu ni mfereji wa maji ambao bila ya huo vijiji vingi vya Omani visingekuwako. Katika falaji ya namna iitwayo daudi, watu huchimba kisima kirefu karibu na mlima mpaka wayafikie maji, kisha hutoboa njia chini ya ardhi, yenye mteremko mdogo sana, ili maji yajiendee yenyewe mpaka mashambani, pasipo ndoo wala mashine. Falaji zipatazo 3,000 zingali zikitumika, na tano kati ya hizo ziliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Ni nani basi mwenye haki ya kutueleza habari za falaji? Mjuzi wa miamba atatuonyesha maji yalikotoka, lakini hatajua kwa nini mtu huyu hupata zamu ya nusu saa na jirani yake zamu ya saa mbili. Hilo ni jambo la sheria, la mirathi, na la wakfu wa msikiti, maana zamu ya maji hurithiwa, huuzwa na hukodishwa kama shamba. Mwanasheria naye hatajua zamu hiyo ilipimwaje kabla ya saa za mkono: mchana kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa mwendo wa nyota. Hapo yahitajiwa mjuzi wa nyota, na mjuzi huyo sharti aketi miguuni pa mkulima mzee, kwa kuwa nyota hizo zina majina ya kijijini ambayo hayamo vitabuni mwake.

Wenyeji husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daudi aliwaamuru majini kuzichimba. Wasomi wengine walisema ni Waajemi walioleta ufundi huo. Kisha wakaja wachimbuaji wa mambo ya kale, wakakuta katika upande ule wa Bara Arabu mifereji ya namna hiyo yenye umri wa miaka ipatayo 3,000, kabla dola kuu ya Waajemi haijasimama. Jembe liliisahihisha kalamu. Nayo pampu ya mafuta, iliyoletwa na watu waliojua pampu tu, imeshusha maji ya chini ya ardhi na kuzidhoofisha falaji zilizoishi karne nyingi.

Lakini hasara ninayoitaja kwa uchungu zaidi ni ile ya choroa mweupe wa Uarabuni. Choroa wa mwisho wa porini waliuawa katika jangwa la Jiddat al-Harasis mwaka 1972. Wataalamu wa wanyama, kwa juhudi inayostahili sifa, waliwalea wengine na kuwaachia huru pale pale mwaka 1982; na mwaka 1994 hifadhi yao ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 1996 walikuwa 450. Mwaka 2007 walikuwa 65, Serikali ilikuwa imeipunguza hifadhi kwa asilimia 90 kwa ajili ya mafuta, na jina lake likafutwa: hifadhi ya kwanza duniani kufutwa katika orodha ile. Sikatai kwamba wawindaji haramu na mafuta walikuwa na sehemu kubwa katika hasara hiyo. Lakini Dawn Chatty, mtaalamu wa maisha ya watu aliyewachunguza Waharasisi, wafugaji wa jangwa lile, ameandika kwamba mpango ulibuniwa pasipo wao kushauriwa ipasavyo. Wengine waliajiriwa kumlinda mnyama. Kuulizwa rai yao juu ya ardhi yao ni jambo jingine.

Nitajibiwa kwamba ashikaye yote hukosa yote. Ni kweli, na sikumtaka mtu mmoja ashike yote. Kati ya 1985 na 1987 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kiliwakusanya katika mchanga wa Wahiba wachunguzi wa mchanga, wa mimea, wa wadudu na wa Mabedui wenyewe. Kila mmoja alibaki na fani yake, ila walikula chakula kimoja na kuulizana maswali.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi. Seyyid Said, aliyetawala Omani na Unguja pamoja, alikufa mwaka 1856. Mwaka 1861 milki yake ikagawanywa mbili. Baada ya mwaka 1970 Wamanga wengi waliozaliwa Afrika walirudi kwao, na ndiyo sababu Kiswahili husikika Muscat mpaka leo. Karatasi za milki ile zimetawanyika Unguja, London na Mumbai, kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ajuaye Kiarabu tu atayasikia ya jumba la Sultani. Ya mtumwa aliyechuma karafuu, na ya mjukuu wake, yataka lugha nyingine, nayo ni hii unayoisoma sasa. Hata hivyo huambiwa kijana wa Lamu au Malindi kwamba Kiswahili ni somo la kumpitisha mtihani tu, na herufi alizofundishwa chuoni akiwa mdogo hazina kazi shuleni. Aliyemwambia hivyo na atuonyeshe ni nani mwingine atakayezisoma karatasi hizo.