Gemu mpya, zamu hakuna!

Mie leo acha nitoe donge.

Tuko washikaji wanne hapa Mwanga, Kigoma, na kompyuta moja. Kwa Civilization VI, ile gemu ya kujenga taifa, ilitutosha kabisa. Unacheza zamu yako, unampisha mwenzako, unakwenda kula migebuka, ukirudi mji wako umeshavamiwa! Kelele mpaka umeme ukatike.

Basi Februari 2025 ikatoka ya VII. Dola 70, karibu laki na themanini za madafu. Tukachanga. Mmoja wetu akauza baiskeli (usicheke!). Kufungua, loh! Kupokezana kompyuta moja hakukuwemo. Mlipotaka kushindana, ilikuwa kila mtu na mashine yake na gemu yake. Wanne sisi?

Halafu zama zilipobadilika, ulikuwa unalazimishwa kubadili taifa. Uliilea Aksum tangu changa, ghafla ukaambiwa chagua jingine. Buganda imo, nilifurahi kweli, lakini ulikuwa unaipata zama za mwisho tu. Wachezaji wa Ulaya na Marekani nao walilalamika kinoma.

Kinachoniuma, gemu hizi tulishaziona za kwetu. Ya IV, ya mwaka 2005, ilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu wa Christopher Tin, ukabeba Grammy mwaka 2011!

Mwenye baiskeli sasa anakwenda kibaruani Ujiji kwa mguu. Jumamosi tumerudi kwenye VI. Zamu ya kwanza tumempa yeye.