Usisingizie Risasi Kabla ya Kuituliza Bunduki



Wazee wetu walisema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Neno hili hunijia kila nimsikiapo mkulima mwenye kibali cha bunduki akinung'unika kwamba risasi alizonunua ni mbovu, kwa kuwa nguruwe wamekula mihogo yake naye amewakosa mara tatu. Humwuliza, "Ulizijaribu namna gani?" Hujibu, "Nilisimama, nikalenga mti, nikapiga." Kwa maoni yangu, huko si kujaribu risasi. Ni kujaribu mikono, macho, pumzi na risasi kwa pamoja, na mambo manne yakichanganywa hapana awezaye kujua lenye kosa ni lipi.

Fikirini habari za mbegu. Ukipanda mahindi ya namna mbili, haya penye samadi na yale penye changarawe, hutajua mbegu iliyo bora. Sharti udongo uwe mmoja na siku ya kupanda iwe moja. Na bunduki ni vivyo hivyo: itulize kwanza, ndipo utakapozijua risasi.

Tufanye hesabu. Ikiwa alama mbili za kulengea ziko mbali futi 2, na ile ya mbele ikipotoka kwa sehemu ya kumi ya inchi tu, basi kwa yadi 100 risasi itapotoka inchi 15. Mikono ya mtu aliyesimama yaweza kuutikisa mtutu kiasi hicho bila yeye kujua.

Mwaka 1860, huko Wimbledon, Uingereza, Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha. Bunduki ya Whitworth ilikuwa imekazwa juu ya mtambo wa chuma, naye akavuta uzi tu. Shabaha ilikuwa mbali yadi 400, na risasi ikapiga karibu kabisa na katikati. Malkia hakuwa mpiga shabaha. Utulivu wa bunduki ndio uliofanya kazi.

Wewe huhitaji mtambo wa chuma. Jaza mchanga mkavu katika mifuko miwili, uiweke juu ya meza nzito isiyoyumba. Ubao wa mbele wa bunduki ulale juu ya mfuko mkubwa. Usiuegemeze mtutu wenyewe, wala usiuweke ubao juu ya jiwe au gogo, kwani bunduki huruka juu ya kitu kigumu na kuipotosha risasi. Mfuko mdogo uwe chini ya kitako, ukiubinya, mtutu hushuka, ukiulegeza, hupanda. Kisha vuta kifyatulio polepole.

Kama mtutu una mafuta ndani, risasi ya kwanza usiihesabu. Kisha piga risasi 5 za namna moja, ukilenga pale pale, hata ukiona matundu yako pembeni. Mtutu ukipata moto, ngoja upoe. Pima nafasi kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Yakiwa yamekusanyika mbali na alama, risasi ni njema. Zirekebishwe alama za kulengea. Yakitawanyika, jaribu risasi za namna nyingine vivyo hivyo. Za kila namna zikitawanyika, itazame bunduki yenyewe, kwanza parafujo zake.

Lakini kabla ya yote, nyuma ya shabaha pawe na ukingo mnene wa udongo, wala pasiwe na njia wala nyumba, maana risasi yaweza kwenda zaidi ya maili moja.

Wako wasemao, "Nguruwe hatangoja niweke mifuko." Ni kweli. Baada ya kuijua bunduki yako na risasi zako, yakupasa kujizoeza bila mifuko. Lakini hapo ukikosa, utajua kosa ni lako, nalo laweza kuondolewa kwa mazoezi.

Msidhani kwamba hasara ya risasi iliyopotoka ni senti zake tu. Nguruwe aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani, na atakayekutana naye asubuhi si wewe mwenye bunduki, bali ni mama aendaye kisimani au mtoto apelekaye mbuzi malishoni. Kwa hiyo nasema: asiyetaka kutumia asubuhi moja na mifuko miwili ya mchanga, bora bunduki yake aiache imefungiwa, akalinde shamba lake kwa ua imara na moto wa usiku.