Usiku wa mstaafu na simu iliyo chini ya mto

Mtumishi wa umma nchini Tanzania kwa kawaida anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na akitaka anaweza kuondoka kwa hiari akifika 55. Paroko naye anaombwa na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 538, kumwandikia askofu wake barua ya kung'atuka akitimiza miaka 75. Siku ya kuagwa hutolewa hotuba, zawadi na shukrani. Jambo ambalo halisemwi siku hiyo ni kwamba, pamoja na kazi, mtu huyu anaiacha kengele.

Sisi tunaoishi seminarini tunaijua nguvu ya kengele. Inatuamsha, inatuita kanisani, inatupeleka mezani na darasani, na baada ya sala ya mwisho wa siku inatunyamazisha. Mwalimu, muuguzi au karani naye alikuwa na kengele yake kwa miaka 30 au zaidi. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu kazi ilimngoja. Sasa hakuna kinachomngoja. Baada ya chakula cha mchana anajinyoosha kidogo, anashtuka saa kumi na moja jioni, na ikifika saa nane usiku macho ni makavu. Nyumba imenyamaza. Mkono unaenda chini ya mto, simu inawashwa.

Maoni yetu ni haya: usingizi wa wastaafu wetu na usalama wa mambo yao ya faragha mtandaoni si habari mbili za kuachiwa daktari na fundi simu. Vinakutana usiku uleule, kwenye simu ileile, na parokia ina wajibu wa kuvitazama pamoja.

Tuanze na usingizi. Wengi huamini kwamba mzee hahitaji kulala sana. Si kweli. Mtu mwenye zaidi ya miaka 65 bado anahitaji kama saa saba hadi nane kwa usiku. Kinachobadilika ni namna ya kulala. Usingizi mzito unapungua, mzee anashtuka mara nyingi zaidi, na saa ya mwili inasogea mbele: anasinzia mapema jioni na kuamka kabla ya jogoo. Yapo pia maradhi yanayomwamsha. Tezi dume na baadhi ya dawa za presha humfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Maumivu ya magoti hayamwachi ageuke. Anayekoroma sana huku pumzi ikikatika kisha kurudi kwa kishindo anapaswa kupelekwa hospitali, kwa maana huo ni ugonjwa wenye tiba. Na vidonge vya usingizi visinunuliwe kiholela dukani. Humlevya mzee, na akiamka gizani anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga.

Lakini kwa wengi dawa ya kwanza ni utaratibu: kuamka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, kupata jua la asubuhi shambani au njiani kwenda Misa, kulala mchana kwa nusu saa tu na si baada ya saa tisa, kuacha chai ya rangi na kahawa jioni. Na simu ilale chumba kingine. Mwanga wake unauambia ubongo kwamba bado ni mchana, na maneno yaliyomo ndani yake yanauchochea moyo hata baada ya kuizima.

Hapo ndipo faragha inapoingia. Mtu aliyekosa usingizi hupungukiwa na uwezo wa kupima mambo. Saa nane za usiku hakuna wa kumuuliza, “Hebu soma ujumbe huu, unauonaje?” Ujumbe unasema mjukuu kaugua ghafla bwenini, itumwe pesa ya matibabu. Mwingine unadai kutoka kwenye mfuko wa pensheni: uhakiki unafungwa leo, tuma namba ya kitambulisho na namba ya siri. Mwingine umetoka kwenye akaunti yenye picha ya padre anayefahamika, anaomba mchango wa haraka. Mwingine unaomba tarakimu sita zilizoingia kwenye simu “kwa bahati mbaya”. Mzee akizituma, WhatsApp yake inahamia kwa mwizi, na asubuhi ndugu zake wote wameombwa mkopo kwa jina lake.

Matapeli hawabahatishi tu. Wanatumia yale tuliyoyaanika wenyewe. Picha ya sherehe ya kustaafu inawaambia kwamba kiinua mgongo kimeingia au kiko njiani. Salamu za kumbukumbu ya kuzaliwa zinawapa tarehe. Orodha ya wanajumuiya yenye majina na namba za simu, ikisambazwa kutoka kundi hadi kundi, inawapa mlango. Na mzee akishaibiwa, aibu humfunga mdomo. Anaogopa watoto watasema amezeeka, kwa hiyo halii mbele ya mtu. Anakesha. Usiku unaofuata ni mrefu kuliko wa kwanza.

Kanisa halikungoja intaneti ili kuzungumzia jambo hili. Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inalinda jina jema la kila mtu na haki yake ya kutunza faragha yake. Katekisimu, inapofafanua amri ya nane, inatutaka tuwe na kiasi katika kugusa maisha binafsi ya wengine. Nchi nayo imesema: Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Sasa tazama makundi ya simu ya jumuiya na vyama vya kitume. Picha ya bibi akiwa wodini, mpira puani, kanga imeteleza begani, inatumwa kwa watu 200 ikiwa na maneno “tumwombee.” Nia ni njema. Lakini je, bibi aliulizwa? Kuna mzee anayejua kwamba ugonjwa wake umetajwa kwenye kundi na sasa anaona haya kuja kanisani. Mungu anamfahamu mgonjwa hata pasipo picha. Inatosha kuandika kwamba mwenzetu ni mgonjwa na anaomba sala.

Wapo watakaosema tunataka kuwanyang'anya wazee kitulizo. Mjane anayeishi peke yake anasikia sauti ya mwanawe aliye mbali kupitia simu hiyohiyo, na usiku usipokuja usingizi anasali Rozari na wenzake mtandaoni. Hoja hii tunaiheshimu. Upweke ni mzito kuliko kukosa usingizi, na Baba Mtakatifu Fransisko alipoanzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani alitaka wazee wasiachwe peke yao. Ila mjane huyo anastahili kutembelewa mchana, si kuachiwa kioo cha simu usiku. Akiamka usiku na kutaka kusali, rozari iko mkononi, na redio ndogo haimuombi namba ya siri.

Wengine watasema dawa ni watoto kushika simu za wazazi wao. Hapana. Mzee si mtoto. Mjukuu anayejua namba ya siri ya babu, au wakala anayekabidhiwa simu ili “amsaidie” kutoa pesa, naye ameingia mahali pasipo pake. Kumlinda mzee kwa kumvua heshima yake si ulinzi.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, makundi ya jumuiya yafungwe saa tatu usiku hadi alfajiri. Kiongozi wa kundi anaweza kuweka mpangilio ili wanachama wengine wasitume ujumbe. Msiba ukitokea usiku, jirani agonge mlango au apige simu. Pili, habari ya mgonjwa isitumwe bila ruhusa yake, na picha yake isitumwe kabisa. Tatu, namba ya parokia ya kupokelea zaka na michango ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na kusomwa baada ya Misa, ili namba nyingine yoyote ijulikane kuwa ni ya uongo. Nne, kila mstaafu achague mtu mmoja anayemwamini, na asitume pesa yoyote ya dharura kabla ya kuongea naye kwa sauti.

Kwenu mafrateri mnaokwenda likizo: msiishie kusoma somo la Dominika na kupigwa picha. Keti na mzee wa jirani asubuhi moja. Mwonyeshe uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na kidole kinachobonyeza kiwe chake. Mwonyeshe kwamba kwa *106# ataona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kwamba namba ya tapeli huripotiwa kwenda 15040. Akianza kuandika namba ya siri, geuza uso pembeni. Siku moja mtakabidhiwa siri za watu katika kitubio. Uaminifu huo unaanzia kwenye mambo madogo kama haya.

Katika sala ya mwisho wa siku Kanisa huimba kila usiku wimbo wa mzee Simeoni, mtu aliyekwisha kuona alichokingoja na sasa anaomba aende kwa amani. Wazee wetu wamefanya kazi, wamelea, wamejenga makanisa tunayosalia. Wanayo haki ya kufunga siku yao kwa amani hiyo. Parokia inayotaka kuwasaidia inaweza kuanza Dominika hii, kwa tangazo moja baada ya Misa.