Limiti Yako Si Ushauri

Ni asubuhi na mapema ufuoni Dunga, boti zinarudi, na simu inalia: "Hongera! Sasa unaweza kukopa hadi shilingi 10,000." Mama anayeuza omena soko la Kibuye anausoma ujumbe, anatabasamu. "Kumbe wameona naweza." Kabla jua halijapanda, amekopa zote.

Kuna jambo ambalo sisi watu wa malipo ya simu hatulisemi vya kutosha: limiti si ushauri. Limiti inajibu swali la mkopeshaji: "Huyu nikimpa, atarudisha?" Swali lako ni lingine: "Nikichukua, itanisaidia?" Hilo hakuna aliyekujibu.

Limiti inatoka kwenye mfumo wa kusaidia maamuzi, na mifumo ya aina hii haikuanza jana. Mwaka 1956 kule California, mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac walianzisha kampuni ya kuwasaidia wafanyabiashara kuamua kwa hesabu. Wakopeshaji wakawa wanapima rekodi za mtu badala ya kumwangalia tu usoni. Hapa Kenya, M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mtu asiye na hati ya shamba wala ya mshahara aliweza kukopa, kwa sababu rekodi zake za simu zilimsemea. Tunaamini hiyo ilikuwa hatua nzuri.

Lakini tuulize mfumo unaona nini. Unaona pesa iliyoingia, iliyotoka, akiba yako, na kama ulilipa mkopo uliopita kwa wakati. Mwezi ulio angani hauuoni.

Na kwa biashara ya omena, mwezi ni jambo kubwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, samaki wanaifuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa inakosa nguvu na wavuvi wengi wanapumzika. Mtu wa Dunga, Usenge au Mbita hahitaji kufundishwa hayo. Sasa fikiria: mwezi huchukua siku 29 na nusu hivi kurudi pale ulipoanzia. Kwa hivyo mkopo wa siku 30 lazima upitie mbalamwezi, upende usipende.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme ada ni asilimia 7.5, na katika siku za giza mama anabakiwa na shilingi 400 kila jioni baada ya kutoa pesa ya chakula na nauli. Tuseme pia ana siku 14 nzuri za kuuza kabla ya mbalamwezi.

Akikopa 10,000, atarudisha 10,750. Hiyo ni karibu shilingi 770 kwa kila siku nzuri. Hana. Akikopa 5,000, atarudisha 5,375, yaani kama shilingi 385 kwa siku. Hapo anaweza, ingawa ni kwa kubana.

Tena aangalie mtaji unaofanya kazi kweli. Kama siku nzuri ananunua karai nne kwa shilingi 1,200 kila moja, anahitaji 4,800 tu. Ile nyingine itakaa kwa simu, na pesa ikikaa kwa simu tunajua inaenda wapi: karo, matanga, mjomba ameomba kidogo. Ada yake italipwa na omena ambao hawakununuliwa.

Wataalamu wa utafiti wa uendeshaji hufanya kazi hii hii kwa viwanda na mashirika ya ndege: una kiasi hiki, kuna vizuizi hivi, uamuzi upi unafaa? Wewe unaweza kuifanya kwa kalamu na daftari. Kabla hujabonyeza "Kubali", andika mambo matatu: mtaji unaohitaji kwa siku, siku nzuri ulizo nazo kabla ya kulipa, na kinachobaki kila jioni. Zidisha hizo siku kwa kinachobaki. Jibu likiwa dogo kuliko deni, punguza mkopo. Au ngoja mbalamwezi ipite, kisha kopa giza likianza na ulipe kidogo kidogo kila jioni.

Na sisi pia tuna kazi. Tukisema "Hongera" kwa deni, tunampotosha mteja. Ujumbe wa limiti ungefaa kusema pia: "Ukichukua zote, utahitaji kuweka shilingi kadhaa kila siku." Kuandika hivyo si kazi ngumu. Huenda watu wakakopa kidogo na ada yetu ikapungua. Sawa tu. Mama akikwama na deni na mtaji ukaisha, yeye amepoteza biashara na sisi tumepoteza mteja.

Mfumo unajua historia yako. Ziwa na soko unayajua wewe. Uamuzi mzuri unahitaji yote mawili, kwa hivyo usiuachie simu peke yake.