Pauni 340 ni za nani?

Mama alinipigia Jumanne usiku. Mama akipiga badala ya kutuma sauti kwa WhatsApp, ujue pana jambo. "Umemwandikia nini yule bibi? Analia, anasema mnamsimanga."

Mnaotusikiliza mnajua natunza hesabu za mfuko wetu wa maziko, pauni 20 kwa mwezi. Zilikuwa kwenye daftari lake Mama, nikazihamishia MySQL, toleo la zamani. Mwisho wa mwaka nikaandika:

SELECT jina, simu, SUM(kiasi) FROM michango GROUP BY jina;

Ikajibu bila kulalamika. Nikawatumia watu meseji za ahsante, kila mtu na jumla yake. Yule bibi akapata "umechangia pauni 340". Kumbe alilipa miezi mitano tu, pauni 100, kisha kazi ikaisha, akanyamaza kwa haya. Zile 240 ni za mwanamke mwingine, jina lile lile mpaka la babu.

Manake nimesema ikusanye kwa jina, basi wawili wakawa kikundi kimoja, mstari mmoja. Simu ni mbili, itoke ipi? MySQL ya zamani inachukua yoyote. Kuanzia 5.7 inakataa yenyewe, na PostgreSQL ingenigombeza: kila safu unayoitaja iwe kwenye GROUP BY, au iwe ndani ya hesabu kama SUM. Kazini nikiona kosa hilo huwa naandika MAX(simu) ili inyamaze. (Na wewe pia, usijifanye.) Inanyamaza kweli, na 340 inabaki 340. Ukiongeza simu kwenye GROUP BY, mtu aliyebadilisha laini katikati ya mwaka anageuka watu wawili.

Dawa ni kukusanya kwa namba ya uanachama. Daftari la Mama lilikuwa nayo tangu zamani. Ni mimi niliyeiacha, nikidhani ni mapambo.

Jumamosi nikamfuata yule bibi Edgware Road, kwenye mkahawa wa Waarabu anaoupenda. Shikamoo, marahaba, kimya. Nikamwekea karatasi mezani: mistari miwili, jina moja, namba mbili. Akaisoma polepole.

"Mwanangu, hiyo mashine haijui kwamba kwetu majina ni hayo hayo?"

"Haijui, bibi. Mimi nilijua."

Akaagiza chai mbili. Halafu akauliza, sauti ya chini, kama zile 140 zilizobaki anaweza kuzilipa kidogo kidogo.