Ujuzi wa Ugenini Usifichwe

Yapo mazoea mabaya ya mfanyakazi aliyerejea kutoka Oman kuandika katika maombi yake ya kazi kwamba aliishi Muscat miaka mitatu, kisha akanyamaza. Kuishi ugenini si sifa. Sifa ni kazi iliyofanywa huko. Hapana budi aeleze mitambo aliyoiendesha, Kiarabu alichojifunza na watu aliowaongoza, na aambatishe barua ya mwajiri wake. Fundi asiye na cheti aende VETA, ambako ujuzi uliopatikana kazini hupimwa na kurasimishwa. Waajiri nao waache kumdharau eti kwa kuwa hakusomea darasani. Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini ujuzi uliofichwa hauna mnunuzi, na hasara yake hulibebesha taifa zima.