Kondishona Si Blanketi: Wacheni Kulala Nayo

Nitaisema hii polepole ndio isimpite mtu. Hakuna nywele ya binadamu inayohitaji kondishona masaa 8. Si ya 4C, si ya kupakwa rangi, si ile ngumu unayosema imekushinda. Lebo ikisema dakika 20, ni dakika 20. Zikifika 30, ingia bafuni, suuza, endelea na maisha yako.

Najua kuna wenye wameanza kuandika komenti tayari. Ngojeni kwanza nimalize, kwa sababu mmoja wa wale waliowaletea huu ujinga kwa simu ni mimi.

Ndio, mimi. Nilitoa video nikiwa na kondishona kichwani, karatasi ya mkate juu yake, kitambaa juu ya karatasi, nikawaambia, "Wasee, siri ni kulala nayo. Usiku kucha. Asubuhi mtanishukuru." Ilipendwa sana. Kuliko video zangu zote za mwezi huo. Hakuna mahali niliuliza mtu yeyote anayejua, hakuna mahali nilisoma nyuma ya kopo. Nilikuwa nimeona dem mmoja wa Marekani akifanya, nikafanya.

Sasa, mimi nina cuzo. Amesoma miaka minne kwa shule ambayo msichana haruhusiwi kuwa na nywele. Mnazijua, ziko kila kaunti. Siku ya kufungua, kichwa kiwe kama yai. Alipomaliza KCSE aliapa mashine haitamgusa tena. Hiyo ilikuwa nywele yake ya kwanza ya utu uzima. Alikuwa anaipiga picha kila wiki akinitumia: imefika sikio, imefika shingo, cheki cuzo, imekubali kufungwa.

Halafu akaona video yangu, akaanza kulala na kondishona kila Jumamosi. Akaona kila Jumamosi haitoshi, akaongeza Jumatano. Baada ya muda ngozi ya kichwa ikaanza kumwasha. Halafu nyuma ya masikio. Halafu shingo ikatoka vipele, vikapasuka vikatoa maji. Alificha kwa mwezi mzima akidhani ni uchafu, na akizidi kuwashwa ndio anazidi kupaka. Mathe yake alipomfungua kitambaa, nywele za kisogoni zilikuwa zinatoka na kitana. Daktari wa ngozi akasema ni aleji, kitu cha kuoshwa kinakaa kwa ngozi usiku baada ya usiku. Wakamnyoa nyuma yote ndio dawa ipate kushika.

Nilipoenda kumwona hakunitukana. Aliniuliza tu, "Si ni wewe ulisema?"

Video nimeifuta. Lakini kufuta haitoshi, kwa sababu nikifungua simu saa hii naona wengine ishirini wakisema kitu kile kile. Kwa hivyo kaeni chini tuambiane ukweli.

Kwanza, nywele imekufa. Usinikasirikie, ndivyo ilivyo. Sehemu iliyo hai iko chini ya ngozi, kwa mzizi. Ikishatoka nje ni keratini tupu, kama kucha. Haili, hainywi, hailali njaa. Sisi tumezoea mafuta ya kopo kuitwa chakula cha nywele mpaka tukaamini kuna mdomo mahali. Hakuna. Na kitu ambacho hakina mdomo hakishibi zaidi kwa kukaa mezani usiku kucha.

Pili, kondishona inafanyaje kazi? Chukua kopo lako, geuza nyuma, tafuta majina kama behentrimonium chloride au cetrimonium chloride. Hivyo viungo vina chaji chanya. Nywele, hasa pale imechubuka, ina chaji hasi. Chanya na hasi huvutana. Viungo vinashika juu ya unywele, magamba ya nje yanalala, msuguano unapungua, vidole vinapita bila vita. Kazi hiyo inaanza ukipaka tu, na sehemu kubwa inaisha ndani ya dakika chache. Ni kama matatu ya watu 14. Viti vikijaa vimejaa. Kukaa stejini masaa 8 hakuongezi kiti, na hapa hakuna konda wa kukuambia usonge kidogo.

Ile nzito ya kopo, ya tritimenti, ina mafuta mengi zaidi na mara nyingi vipande vidogo vya protini. Ndio maana inapewa muda kidogo zaidi, na makopo mengi yatakuambia kati ya dakika 10 na 30. Sasa tumia akili ya biashara hapa. Kampuni inayouza hiyo kitu inataka upake nyingi, imalizike haraka, urudi dukani. Kama kulala nayo kungekuwa na faida yoyote, wangeandika kwa herufi kubwa mbele ya kopo. Lakini wao wenyewe, wenye kuuza, wameandika dakika 20. Wewe umetoa wapi masaa 8?

Tatu, haya masaa si bure. Nywele ikilowa hunenepa, upana wake unaongezeka kwa karibu asilimia 15, na ikiwa hivyo inavutika kirahisi na kukatika kirahisi. Ndio wakati iko dhaifu kabisa. Na wewe ndio unaichukua wakati huo, unaifinya chini ya karatasi, unaigeuza geuza kwa mto kutoka saa nne usiku mpaka asubuhi. Halafu unaona vipande kwa sinki unasema nywele yako ni ngumu. Si ngumu. Imechoka.

Na ngozi je? Hapa ndipo cuzo wangu aliumia. Vitu vya kuoshwa na vitu vya kubaki kichwani havitengenezwi kwa sheria moja. Kuna kihifadhi kinaitwa methylisothiazolinone, kinazuia kopo lisiote ukungu. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku kwa vipodozi vya kubaki mwilini kuanzia 2017, kwa sababu kilikuwa kinaletea watu wengi aleji ya ngozi. Kwa vile vya kuoshwa walikiruhusu, lakini kiasi kidogo sana, asilimia 0.0015. Unaona hiyo hesabu? Ruhusa yenyewe inategemea wewe kuosha. Ukilala nayo umechukua kitu cha kuoshwa ukakigeuza cha kubaki, na hakuna aliyekipima kwa hiyo kazi.

Haya, sasa nijibu komenti kabla hamjaandika.

"Lakini mimi nililala nayo na asubuhi ilikuwa laini." Sawa. Na ungesuuza baada ya dakika 20 ingekuwa laini vile vile, na ungelala kwa mto mkavu. Hujawahi kulinganisha. Jaribu: gawanya kichwa mara mbili, upande mmoja dakika 20, upande wa pili usiku kucha. Suuza zote, kausha, halafu mpe rafiki yako ashike akiwa amefunga macho. Mimi nilijaribu nikiwa nimechelewa. Rafiki yangu alichagua ule upande wa dakika 20.

"Nywele yangu haiingizi vitu haraka." Kama ni hivyo ongeza joto, si masaa. Kitambaa kilichotiwa maji moto na kukamuliwa vizuri, juu ya kofia ya plastiki, dakika 20. Mvuke wa saluni ni sawa pia. Na ule mtihani wa kutumbukiza unywele kwa glasi ya maji uone kama utazama, wacheni. Unywele mmoja una sehemu mpya karibu na ngozi na sehemu nzee huko mwisho. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Ikiwa yako ina sentimita 24, ncha zake zina miaka miwili ya jua, draya na rasta. Glasi itakuambia nini kuhusu kichwa kizima?

"Shosho zetu walilala na mafuta." Ni kweli, na dada zetu wa Pwani na mafuta ya nazi wamekuwa sawa kabla hatujazaliwa. Lakini mafuta ya nazi si kondishona. Utafiti uliochapishwa 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, na ni ya nazi tu yaliyopunguza vizuri protini inayopotea wakati nywele inaoshwa, kwa sababu yanaweza kuingia ndani ya unywele. Hayo yanahitaji muda, na ukipaka usiku kabla ya siku ya kuosha hakuna mtu atakukosoa. Hata hapo ni mafuta kwa nywele kavu, haijalowa. Usichukue heshima ya nazi ukaivalisha kopo la plastiki.

Sasa nifike kwa kitu kinaniuma kweli.

Soma kondishona ya nywele za kulala, zile za wazungu. Dakika 2. Dakika 3. Paka, suuza, tokea nje. Halafu angalia tunavyoambiwa sisi. Usiku kucha. Jumapili nzima. Hatua kumi na mbili. Mbona mtoto wa mtu akae na kichwa cha maji mpaka asubuhi ndio aonekane anaijali nywele yake? Keratini ni ile ile. Yetu ina mikunjo mingi na inakauka haraka, ndio, inahitaji mkono mpole. Lakini mahali fulani "mkono mpole" uligeuka "adhabu." Shuleni tuliambiwa nywele yetu ni usumbufu, inyolewe. Tumetoka shuleni tunaambiwa na watu kama mimi kwamba ni mgonjwa wa kulazwa. Kwa nini hakuna anayetuambia tu ni nywele?

Na nitawaambia anayefaidika. Dakika 20 haina video. Utarekodi nini? Umepaka, umekaa, umesuuza. Lakini usiku kucha ina kitambaa, ina taa, ina asubuhi ya kufungua na kushangaa. Tunauza jasho lenu. Kadiri inavyoonekana ngumu ndivyo tunavyoonekana wataalamu. Nimekula hiyo pesa, si nyingi, lakini nimekula, kwa hivyo najua ladha yake.

Wenye saluni, msicheke, nanyi mko hapa. Kuna wenye mnalipisha mtu tritimenti halafu mnasuuza baada ya dakika mbili kwa sababu kiti kinatakikana. Huo ni wizi mdogo. Na kuna wenye mnamweka mtu chini ya draya, mnaenda kusuka rasta za mteja mwingine, mnamkumbuka baada ya saa nzima mkisema, "Nilitaka iingie vizuri." Hiyo si tritimenti, hiyo ni foleni. Mteja, uliza lebo inasema ngapi, weka alamu kwa simu yako, ikilia inua mkono. Ni doo yako.

Kama unataka nywele isikatike, muda si mahali pa kuhangaika. Hangaika na hivi: gawanya mara nne. Baada ya shampuu, kamua maji na tisheti kuukuu, kwa sababu kondishona kwa nywele inayochuruzika inaenda na maji tu. Anza na ncha, ndizo zenye miaka, ngozi ya kichwa iache. Pitisha vidole, halafu kitana cha meno mapana, kutoka chini kupanda juu. Funika, weka alamu. Suuza mpaka maji yatoke safi, na kama ni wiki ya mgao wa maji mtaani kwenu na una mtungi mmoja tu, pima vizuri kabla ya kupaka, usije ukalala nayo kwa kukosa maji. Kata ncha zilizogawanyika, hakuna kopo linazigundisha milele. Usiku lala na kitambaa cha satini kwa nywele kavu. Hiyo ndio ya usiku kucha.

Jumapili iliyopita nilimwosha cuzo wangu mimi mwenyewe, kwa beseni, nyuma ya nyumba. Kisogo kimeanza kurudi, inchi moja hivi, mbele bado ndefu. Anasema ni staili. Nilipaka, nikafunika, nikaweka alamu ya dakika 20. Ilipolia akaniangalia kwa mashaka.

"Ni hivyo tu?"

Ni hivyo tu.

Sasa leteni hizo komenti. Lakini suuza kwanza.